Ferista wa Teleza Hatii Sahihi Penye Mtaro Ulioziba

Ferista anastaafu. Nimelisema kabla ya salamu, kwa sababu nikianza na salamu nitalia, na karatasi ya ratiba ikilowa haikunjiki. Haya sasa, hamjambo wafanyakazi wote wa kiwanda cha mafuta ya kupaka cha Teleza, hapa Tunduma, nanyi wageni wa Vwawa, Chitete na ng'ambo Nakonde.

Mwanangu ametumikia Teleza miaka ishirini na saba, tangu 1988 mpaka Ijumaa tarehe 31 Julai 2015. Desturi ni mfanyakazi mwenzake aandike wasifu. Kazi hiyo alipewa Boazi wa stoo, akaandika mistari mitatu, na mmoja ulimhusu yeye mwenyewe. Ndipo wakaniletea mimi. Nimeishia darasa la nne, lakini la nne la zamani, na huyu mtu nilimjua kabla hajazaliwa.

Alianza kwa kubandika lebo. Biashara zilikuwa zimefunguliwa, kila mtu Tunduma anauza kitu, na Mzee Ishaka akaja kutoka Tanga na sufuria mbili na maneno mengi. Akawa anachemsha mafuta ya parachichi la Mbozi pamoja na nta ya nyuki, uani kwake. Ferista akaacha kuuza vitumbua akaenda huko. Vitumbua vyenyewe nilivionja, na taifa halikupata hasara.

Baadaye akawa msimamizi wa ufungashaji, ndipo watu wakaanza kumwogopa. Kopo lenye mfuniko uliokaa upande halikutoka getini. Dereva mmoja alipiga honi ili wamharakishie mzigo, akaambiwa ashuke afunge makopo mwenyewe. Akashuka, akafunga.

Kopo la Teleza mnalijua, jeupe, zito, mfuniko wa kijani. Mafuta yakiisha, kopo ndiyo kwanza linaanza kazi. Sokoni linapimia maharage. Kwangu moja lina chumvi, jingine mbegu za mchicha, jingine sindano na vifungo. Sijawahi kuliona jalalani, na majalala nayapita mengi.

Mwaka 2008 Mzee Ishaka akaleta vipaketi. Vidogo, vya plastiki, unapaka mara moja unatupa. Vikaenda kama karanga. Mwaka uliofuata akaja Watson, Mzambia mwenye maduka kuanzia Nakonde kwenda mbele, akataka mzigo mkubwa, ila kwanza akauliza kama mafuta haya ni rafiki wa mazingira. Mzee Ishaka alijibu ndiyo kabla swali halijaisha, akachapisha lebo zenye jani la kijani. Watson akataka pia ukaguzi wenye sahihi ya msimamizi, ndipo Mzee Ishaka akamwambia Ferista azunguke kidogo, akague, atie sahihi.

Mwanangu hajui kitu kinachoitwa kidogo. Alikwenda kwa wakulima wa parachichi, hakuona kosa. Alikwenda kwa wafuga nyuki, akarudi na asali na uso uliovimba. Akaziangalia kuni za kiwanda, akasema miti inaisha, tuchome maganda ya kahawa. Mzee Ishaka akafurahi, maana maganda ni rahisi, akadhani ukaguzi umekwisha.

Kumbe Ferista anasubiri mvua. Iliponyesha akaingia kwenye mtaro wa Majengo na reki. Majirani wakanijia: "Mama Ferista, mwanao anaokota takataka. Kuna mtu kamtupia kitu?" Nikawajibu kwamba anafanya utafiti. Neno lilikuwa jipya kwangu, lakini lilinikaa vizuri mdomoni.

Akajaza magunia, akayamwaga mbele ya ofisi. Vipaketi vyetu. Mtaro umeziba, maji yamelala vitandani kwa watu, na jina la Teleza linasomeka vizuri kabisa. Alipita pia nyumba kwa nyumba, akanikuta nawashia jiko navyo, akakohoa makusudi, akaniweka na mimi kwenye ripoti. Mwisho akasema sahihi hatii.

Hapo hapakuchekesha. Bila sahihi hakuna Watson, na bila Watson nusu yenu mngerudi nyumbani. Msijifanye mmesahau. Mlikuwa mkimwona anakuja kula, mnahamisha sahani. Boazi, wewe ulihama na benchi.

Mzee Ishaka naye akafanya wanachofanya matajiri wa hapa wakishindwa na mtu mzima. Akaja kushitaki kwa mama.

"Shikamoo mama. Mwanao ananifungia kiwanda."

"Marahaba. Kunywa chai kwanza."

Sukari yangu inakaa kwenye kopo la Teleza la mwaka ule wa kwanza, lebo ameiandika Mzee Ishaka mwenyewe kwa mkono. Akaligeuza, akafungua mfuniko, akafunga, ukaitika vilevile.

"Hili bado lipo?"

"Lipo. Vipaketi vyako vya juzi nimeshavitia motoni, na kichwa kinaniuma mpaka leo."

Akarudi kwenye chai. Sukari aliongeza mara tatu.

Kesho yake akamwita Ferista amwambie basi tufanyeje. Ferista akampa jambo ambalo wanawake wote hapa tunalijua kwa mafuta ya taa na ya kula: kupimiwa. Mteja aje na kopo lake, ajaziwe, vipaketi viishe, na hapo sahihi atatia. Watson alisikiliza, akapunguza oda nusu. Mkafanya kazi kwa kupokezana zamu, miezi ikawa migumu, lakini hakufukuzwa mtu. Wanawake wa Nakonde ndio waliomsumbua Watson mpaka akarudi kuchukua mapipa ya mafuta ya kupimia. Siku hizi wakivuka wananiita mayo, yaani mama kwa Kibemba, na mimi naitika kama niliyezaa kiwanda kizima.

Zile lebo za jani la kijani zilijalidia madaftari ya watoto. Kwenye kopo pameandikwa tu: Rudi na kopo lako.

Nami nilirudi na langu. Lilikuwa na dagaa siku chache nyuma. Ferista akalinusa mbele ya foleni nzima, akasema, "Mama, kalioshe kwa maji ya moto, ulikaushe, ndipo uje." Mtu niliyemnyonyesha. Nikaenda nikaosha.

Mzee Ishaka, ahsante kwa kutomfukuza ingawa ulitamani. Wafanyakazi, ahsanteni kwa kumrudishia sahani yake mezani. Na wewe Ferista, mwanangu, nenda ukale parachichi badala ya kulikamua, ulale mvua ikinyesha bila kuwaza mtaro, na uzee wako uwe mrefu kuliko wangu, ambao bado nautumia.

Pilau ipo na togwa ipo. Sahani na vikombe vya kutupa Ferista amevikataza, kwa hiyo kila mtu aje na kopo lake, na alioshe, maana atakuwa mlangoni ananusa. Boazi, uje na lile benchi, ukae naye. Ni uani kiwandani, saa nane mchana, Jumamosi tarehe 1 Agosti.