Kapiteni Umeme na Jiwe la Kambove

Kwenye bisi ya kutoka Kambove nilikaa kati ya mchimbaji mwenye mfuko mapajani na mwalimu wa fizikia. Mchimbaji alishikilia kwamba hakuna kinachompita mbio Kapiteni Umeme, shujaa wa katuni za watoto wake.

"Hapana, papa," mama mwalimu akasema. "Kuko majiwe inatoa mionzi kama mishale, haionekane na macho. Ile inapita mu mwili kabla useme 'aï'. Umeme wako hawezi kuikimbia."

"Majiwe gani?"

"Ya nyeusi, ya kizito, iko na manjano kidogo."

Mchimbaji akafungua mfuko aliokuwa anampelekea mnunuzi wa mawe huko Kikula. "Ni kama hii?"

Mama mwalimu akaanza kugonga bati la bisi ashuke. Bisi iliposimama tulitoka wote mbio, dereva mbele, ingawa kwa maneno ya mwalimu tulikuwa tumeshachelewa tangu Kambove.