Teopista Nyafwono, Diwani Aliyezifuta Alama Zake Mwenyewe

Padri wetu, wazee wa ukoo, madiwani wa zamani na wa sasa, ndugu Waislamu mliotoka Tororo mjini na ndugu mliovuka mpaka kutoka Busia, familia ya Mzee Phillip Othieno inawapokea kwa shukrani kabla ya kuwapokea kwa machozi, kwa kuwa mwenyewe tunayemzika leo aliagiza kwamba shukrani zitangulie.

Marehemu Teopista Nyafwono alizaliwa Mulanda tarehe 14 Mei 1961, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Yokana Owora na marehemu Mama Felista, wakulima wa mtama na karanga, na waliomfahamu utotoni husema hakuwa mtoto wa kuambiwa jambo akalimeza, ukimwambia uji umeiva aliomba mwiko auonje.

Alianza shule ya msingi hukohuko Mulanda mwaka 1968, akasoma sekondari Tororo mjini kuanzia mwaka 1975, akahitimu ualimu Desemba 1981, katika miaka ambayo nchi ilikuwa na misukosuko na karo ilipatikana kwa kuuza karanga ng'ambo, Busia ya Kenya, safari aliyoifanya na mama yake kapu likiwa kichwani, na sokoni huko ndiko alikookota Kiswahili kilichokuja kumfaa kuliko vyeti vyake. Februari 1982 aliajiriwa kufundisha Kwapa, akaifanya kazi hiyo kwa moyo hadi alipojiuzulu mwaka 2010, na wengi waliobeba jeneza asubuhi hii walijifunza kusoma mbele ya ubao wake.

Tarehe 18 Agosti 1984 alifunga ndoa takatifu na Mzee Phillip Othieno, aliyekuwa mfanyakazi wa reli Tororo, wakahamia kijiji hiki cha mpakani, wakajaliwa watoto watatu, Carol, Sandra na Ochwo, na baadaye wajukuu, ambao bibi yao aliwaonjea vyakula vyao kama alivyouonja uji wa mama yake.

Mwaka 2011 wananchi walimchagua kuwa diwani katika baraza la gombolola, yaani kata yetu, wakamrudisha mwaka 2016, na kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kupima huduma, maana kila mwaka baraza hilo lilitoa alama kwa shule, visima, barabara na kituo cha afya, alama zikasomwa mbele ya watu, na kwa hizo ikaamuliwa nani aongezewe nguvu na nani ahamishwe. Wapo waliopimia ofisini kwa taarifa za karani, lakini yeye alisema diwani wa namna hiyo amempima karani, basi maji ya kisima aliyapima kwa kuyanywa, barabara kwa kuipita baada ya mvua, na kituo cha afya kwa kukaa kwenye benchi pamoja na wagonjwa, kitenge begani, bila kujitambulisha, hata siku moja muuguzi akamfokea, "Wewe bibi, sogea, unaziba foleni!" naye akasogea, kisha akampa alama nzuri, kwa sababu foleni ilikuwa inakwenda.

Habari za mwaka 2017 alituagiza tusiziruke. Mwaka huo alikwenda kituoni mara kadhaa, na kila mara ilikuwa Alhamisi, kwa kuwa Alhamisi ndiyo siku aliyopita njia ile akipeleka karanga Busia, na kila Alhamisi alikuta chumba cha wajawazito kimefungwa na mkunga hayupo, basi akampa mkunga huyo, Sista Roselyn Mangeni, mzaliwa wa Busia, alama ya chini kuliko mtumishi yeyote, alama zikasomwa mbele ya umma tarehe 27 Aprili, na wiki ile ile ikaandikwa barua ya kumhamishia mbali.

Alhamisi iliyofuata mvua ilinyesha, karanga hazikukauka, safari ya Busia ikavunjika, naye akaingia soko letu la hapa kununua kitenge kwa Bi Rukiyah, na nyuma ya meza ya vitenge, chini ya mwavuli mkubwa, akakuta mkeka umetandikwa na wanawake wajawazito wamekaa kimya wakimsubiri mtu. Akauliza wanamsubiri nani, na Bi Rukiyah, aliyeturuhusu kuyasema haya, akamjibu bila kupindisha maneno, "Wewe nauliza? Sista kila Alhamisi nakuja pima sisi hapa, juu sisi hapana weza acha biashara kwenda kaa kwa benchi. Sasa Mama Diwani nafukuza yeye. Haya, kaa chini, pima tumbo hii!" Wanawake wakacheka, naye akakaa kweli, palepale mkekani.

Hakurudi nyumbani, alikwenda moja kwa moja hadi nyumba za watumishi, akamkuta Sista Roselyn akifunga godoro kwa kamba, maana gari la kumchukua lilitarajiwa Jumatatu, akamwomba radhi, na Sista, ambaye hana maneno mengi, akalikaza kwanza fundo lake, kisha akasema, "Mama Diwani, ungeniuliza tu." Neno hilo Mama aliishi nalo, akawa anatuambia sisi sote nyumbani, hata Mzee, kila tulipomhukumu mtu kwa kumtazama kutoka barabarani, ungemuuliza tu.

Gari likija, wanawake wale wa mkekani wasingempata mwingine, na wengine siku zao zilikuwa karibu, kwa hiyo hakulala kabla ya kumfikia mwenyekiti, kikao kikaitishwa Jumamosi, akasimama mbele ya watu walewale waliozisikia alama zake, akaomba zifutwe, akaeleza kosa lake bila kumsingizia karani wala mvua. Diwani Okurut, mtani wake wa miaka mingi, akapaza sauti, "Leo mwalimu amejipa sifuri!" naye akajibu, "Na mtihani nitaurudia, Okurut, wewe kaa utulie," ukumbi mzima ukacheka, na barua ya uhamisho ikaondolewa.

Aliurudia mtihani huo kwa miaka minne iliyobaki, kwani kwa hoja yake baraza lilikubali kwamba alama ya mtu yeyote isisomwe kabla anayehudumu na wanaohudumiwa hawajakaa chumba kimoja na diwani wakasema yao, na kwamba diwani abadilishe siku zake za kupima, na mkeka wa sokoni ukatambuliwa kuwa sehemu ya kituo, ukapewa muuguzi msaidizi na dawa zake, na wapo watoto wanaokimbia uani hapa sasa hivi ambao mapigo ya mioyo yao yalisikika kwa mara ya kwanza chini ya mwavuli wa Bi Rukiyah.

Alistaafu udiwani mwaka 2021, akarudi shambani. Januari 2024 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akatibiwa Tororo na kisha Mbale, akavumilia, na Septemba mwaka huu, alipoona nguvu zinamwacha, aliomba asomewe historia hii, akisema si haki mtu apimwe bila kuulizwa. Palipoandikwa kwamba ndiye aliyeanzisha huduma ya sokoni akasema, "Futeni, aliyeanzisha ni Sista," na palipoandikwa kwamba hakuwahi kukasirika, Mzee Phillip alicheka kabla yake, napo tukapafuta. Alifariki dunia tarehe 11 Oktoba 2025, asubuhi, Mzee na Sandra wakiwa wamemshika mikono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Tororo na Mbale waliomhudumia kwa upole, walimu wenzake, madiwani waliokesha nasi, majirani mliopika na kuchota maji tangu Jumamosi, na wafanyabiashara wa sokoni walioleta vitenge vya kumsitiri.

Mnaona kiti kitupu hapo mbele, kati ya wauguzi. Ni cha Sista Roselyn, aliyemwogesha Mama katika siku zake za mwisho na kuja kila jioni bila kuitwa, na huenda kuna anayejiuliza moyoni imekuwaje leo asionekane. Leo ni Alhamisi. Mama aliagiza kwamba, siku yoyote atakayozikwa, mkeka usikunjwe kwa ajili yake, Bi Rukiyah ameuacha mwavuli wake wazi, na Sista atafika hapa jioni, atakapokuwa amemaliza kumpima wa mwisho. Tunawaomba, kwa heshima ya marehemu, mtu asiseme kwamba hayupo.

Nenda, Mama Diwani, kwake Yeye atakayekuuliza kwanza kabla ya kukupima. Pumzika kwa amani.