Viatu vya Brett

Kwenye basi la kutoka kitongoji cha Blacktown, huku ughaibuni, mbele yangu walikaa wanawake wawili, Wafilipino wenzangu, waliofahamiana vituo viwili tu nyuma. Yule wa makamo tayari alikuwa anampangia mwenzake maisha.

"Huyo mumeo Brett kaondoka lini?"

"Mwezi uliopita, dada. Kahamia kwa mwalimu wake wa kuogelea."

"Uhamiaji wanajua?"

"Ndiko naenda kuwaambia. Viza yangu inamtegemea yeye."

"We mtoto, usijipeleke! Ukaazi wa kudumu hujapewa bado. Nyamaza. Wakija kukagua, wakute viatu vyake mlangoni."

Binti akatazama dirishani, ingawa njia ile haina cha kutazama. "Viatu nilivitia kwenye boksi la kutuma nyumbani."

Nilikohoa. Boksi hilo sote tunalo sebuleni: linajazwa sabuni, nyama za kopo na chokoleti, kisha linapanda meli kwenda kwa ndugu. Viatu vya mume aliyetoroka sikuwahi kusikia.

"Vyote?"

"Mpaka ndala. Kaka zangu kule kwetu Iloilo wanavivaa kanisani."

Dada akajishika kichwa. "Basi kawaambie ukweli. Hapana, ngoja kwanza. Mama yako anasemaje?"

Basi likasimama mbele ya ofisi ya uhamiaji, mlango ukafunguka. Binti hakuinuka.

"Hajui kitu. Jumapili alipiga simu kushukuru. Kasema nimshike sana mume huyu, maana hatapatikana mzungu mwingine wa kuvua viatu vyote awape mashemeji."