Fundi Puto na Namba Iliyopunguzwa Mara Mbili

Marehemu baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Puto, alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, mtoto wa tatu wa mshona viatu na mkunga. Alihitimu ufundi wa vyombo vya kupimia mwaka 1979.

Kuanzia 1980 hadi 2018 alitumikia kituo cha hali ya hewa. Kila Jumatano saa nne asubuhi alirusha puto lenye kifaa cha kupima ozoni, gesi ya angani inayonyonya miale ya jua na kuipasha hewa joto. Watafiti waliviingiza vipimo vyake katika kompyuta zinazoigiza tabianchi. Mezani alitufundisha kwa kifuniko cha sufuria kama mfano wa ozoni: ozoni ikipungua, hewa ya juu hupoa, ikipoa, pepo hubadili njia na mvua huhama.

Mwaka 1986 kifaa chake, chenye maandishi “Hakina madhara”, kiliangukia kamba ya nguo ya fundi cherehani. Alipokifuata alionyeshwa shuka lililochanika.

“Hakina madhara, eh? Haya, soma tena.”

Yeye na fundi huyo, mama yetu, walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1987.

Oktoba 2025 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Januari, akipitia madaftari yake kitandani, aliona kosa. Kabla ya kurushwa, kifaa husomwa katika hewa isiyo na ozoni, na namba inayopatikana hupunguzwa kwenye vipimo. Yeye aliipunguza kwa mkono. Tangu 2007, kompyuta ya ofisi nayo ilikuwa ikiipunguza. Kwa miaka kumi na mmoja ozoni yake ilionekana haba kuliko ilivyokuwa, na katika hesabu za watafiti pepo za juu zilipita mahali pasipo pake. Takwimu za watafiti zilikuwa zifungwe tarehe 28 Februari, zisipokee tena masahihisho.

Rafiki yake wa kituoni alimsihi, “Mzee mwenzangu, pumzika. Nani atajua?”

“Mimi najua. Na wewe sasa unajua. Tumeshakuwa wengi.”

Marusho ya puto ya miaka hiyo yalikuwa 572. Binti yake mdogo, fundi wa vyombo kama yeye, alimsomea kila namba naye akaihakiki. Sauti yake ilipokatika, aligonga chuma cha kitanda: mara moja, sahihi, mara mbili, rudia. Tarehe 26 yalibaki thelathini na moja. Mama alisema, “Mwacheni alale kidogo.” Baba akanong’ona, “Nitalala sana, mama watoto. Endeleeni.”

Tarehe 27 saa tisa alasiri, katika rusho la mwisho, aligonga mara mbili. Binti aliangalia tena: alikuwa amesoma saba mahali pa moja. Akarekebisha, akatuma.

Asubuhi iliyofuata jibu lilisomwa kando ya kitanda: “Tumepokea. Tunaanza upya hesabu za pepo.” Aligonga mara moja.

Alifariki tarehe 1 Machi 2026, saa tatu asubuhi.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano na dada mmoja. Alale sasa kwa amani. Kazi yake imehakikiwa.