Mlango Uliopungua Vidole Vinne

Kijiwe chetu ni gogo moja la njia ya reli, limelazwa juu ya matofali mbele ya nyumba ya Mama Alima, kona ya Kamalondo, na kila Jumapili asubuhi kawa yake, yaani kahawa, inachemka kabla watu hawajamaliza kunawa uso. Mimi ni kinyozi. Kiti changu kiko pembeni ya gogo, na wanaosema mdomo wangu unafanya kazi kuliko wembe wangu wana wivu tu. Kushoto hukaa Asumani, seremala wa milango, tunayemwita Ingénieur kwa sababu kalamu haitoki nyuma ya sikio lake hata akienda msikitini. Kulia hukaa Casimir, mwembamba kabisa, aliyebeba zege kwenye majengo ya watu miaka ishirini. Jina hilo la Casimir serikali ilikuwa imemwondolea mwaka wa sabini na mbili, pamoja na majina yote ya ubatizo, basi sisi tukamwita Bulldozer, na hilo hakuna aliyelikataza. Jumapili ninayoisimulia, mwaka wa sabini na nne, katikati yao alikaa Mutale, na kikombe chake kilikuwa kimepoa bila kuguswa.

– Mutale, akasema Mama Alima, kawa yangu iko na mududu?

– Hapana, mama. Ni miye njo niko na mududu mu roho.

Mutale alikuwa mvuvi wa Kasenga. Alikaa mjini miezi mitano akitafuta kazi, mpaka Kapita Yuma, msimamizi wa mafundi, akamchukua kuwa mwashi kwenye jengo jipya la kuzalishia akina mama, barabara ya tatu kutoka hapo petu. Alikuwa amefanya wiki moja tu. Na kabla hajaanza, ni sisi wa kijiweni tuliomfundisha adabu ya kazi, kawa tatu mfululizo. Nalisema mapema ili msinihesabie kwamba nilificha.

– Sema, akasema Ingénieur. Hapa uko kwa bazee.

– Kapita aliniambia: mulango iwe santimetre tisini na tano. Akanipa metre ya kukunja. Akauliza: umesikia? Nikajibu: ndiyo, Kapita.

– Voilà! akasema Bulldozer. Njo vile tulikufundisha. Kapita akiuliza, jibu ni ndiyo. Muntu mwenye kuulizauliza anaonyesha kama hajue.

– Lakini miye sijue, baba. Sijue kusoma metre.

Mama Alima akaacha kukoroga.

– Sasa ulipima na nini? nikamuuliza.

– Na kamba ya nyavu. Nilipima mulango ingine, yenye balikuwa bamemaliza, nikafunga fundo. Kiisha kamba ikachafuka na sementi, nikainawisha mu ndoo. Ikalowa. Ikajivuta. Miye mutoto wa ku mayi! Miaka yote naambia bantu kama kamba ikilowa inajivuta, na siku ile nikasahau. Nikajenga na ile fundo mpaka juu. Jana magaribi bakapitisha brueti, toroli ya muchanga. Ku mulango ya kwanza ikapita. Ku yangu ikakwaruza. Inakosa vidole ine.

– Kapita aliona?

– Hapana. Kesho asubui tunamwanga zege ya linto, ile boriti ya juu ya mulango. Bakiisha kumwanga, kuvunja ni kuvunja ukuta yote.

Hapo sote tulielewa. Mutale alikuwa ameshatuma neno Kasenga, mke wake auze nyavu na mtumbwi, apande lori na watoto. Akifukuzwa hapa, kule hana tena chombo. Na Kapita Yuma tulimjua. Nilikuwa nimemnyoa miaka sita na sijawahi kuona meno yake.

– Muniambie tu, bazee, akasema Mutale. Namna gani muntu anaambia kapita kama alikosa?

Ungetegemea watu wazima wanne wanyamaze wafikiri. Sisi tuligombania nani aanze. Ingénieur alishinda kwa kuwa ana sauti.

– Usiambie. Kazi ni mwendo. Ku shantie, kule munajenga, unatembea mbio, hata unaenda kukojoa unatembea mbio. Na kila wakati ubebe kintu. Muntu mwenye kubeba ubao, hakuna mwenye kumusimamisha. Kesho unabeba ubao tangu asubui mpaka linto inamwangwa. Nani atauliza mulango?

– Ubao wa nini?

– Ubao tu! Haina lazima ya kuwa na kazi.

– Hapana, akasema Bulldozer. Ingénieur anakupoteza. Lazima aambie, lakini aseme mu français. Kosa mu Kiswahili iko na mwenyewe: nilipunguza mulango. Mu français, mulango inajipunguza yeye peke yake. La porte s'est rétrécie. Unaona? Mulango njo ilifanya. Weye ulikuwa unapita tu.

– Na Kapita akiuliza tena mu français?

– Unajibu ndiyo.

– Ni ile ndiyo njo ilimuua! akasema Mama Alima.

Mimi nilikuwa nasubiri zamu yangu kwa adabu, jambo ambalo sikulizoea.

– Musikilize, nikasema. Kapita anakuya kwangu leo saa tano kunyoa. Nitamupaka sabuni. Nitaweka wembe hapa, ku shingo. Kiisha nitamuambia polepole: Kapita, kuko mulango moja. Atafanya nini? Ataruka?

– Akiruka?

– Njo tutabaki bila kapita, na mulango haina tena mwenye kuuliza.

Mama Alima alinipiga na kitambaa cha kushikia birika. Lakini Bulldozer na Ingénieur walikuwa wanacheka, na mtu akichekewa kijiweni amepata diploma. Mutale hakucheka. Ingénieur akaona aibu kushindwa na kinyozi, akasimama kabisa.

– Miye njo nitamaliza. Mulango inabaki vile. Kesho tunasema: ni authenticité. Bankambo yetu, nyumba zao zilikuwa na milango gani? Midogo! Unainama, unaingia na heshima. Mulango munene ni mambo ya bakoloni. Nani, mu Zaïre hii, atasimama mbele ya bantu na kusema yeye anakataa authenticité?

Authenticité ilikuwa siasa ya serikali, ile ile iliyofuta majina ya ubatizo, na haikuwa ya kuchezea. Hapo Mama Alima akageuka kuangalia barabara, upande huu na upande ule, kuona nani anapita.

– Ingénieur, akasema, kunywa kawa.

– Sijamaliza! Na bamama benye kuya kuzaa bataingia pembenipembeni.

– Mwanamuke wa mimba ya miezi kenda, pembenipembeni?

– Tutaweka kibao, akasema Bulldozer, ambaye sasa alikuwa amehamia upande wa Ingénieur bila kuaga. Kibao kimoja: ingia ukitoa pumuzi. Bantu batajifunza. Kiisha hata benye beko banene batakonda, serikali itatushukuru...

Walipofika hapo, mkokoteni ukasimama mbele yetu. Uliburutwa na mwanamume mmoja aliyelowa jasho, na nyuma yake alikuja Mama Bahati, mkunga wa mtaa, aliyepokea nusu ya watoto wa Kamalondo kwa mikono yake. Juu ya mkokoteni kulikuwa na vitanda viwili vya chuma, vyenye magurudumu madogo, vimepakwa rangi nyeupe upya.

– Hamujambo, bababa. Hii ni njia ya kwenda ku nyumba mupya ya kuzalisha?

– Njo hii, mama, nikajibu. Lakini hawajamaliza.

– Najua. Naleta vitanda mbele ya wakati. Mwanamuke akianza kutoka damu, tunamusukuma na kitanda chake mpaka ku motokari. Haina saa ya kumubeba mu mikono. Akatutazama mmoja mmoja, akaendelea: Mweye ni bantu ya kazi ya majengo. Muniambie, kitanda hii itapita ku mulango?

Ingénieur, aliyekuwa na jibu la kila kitu tangu nimjue, akatazama kikombe chake. Bulldozer akakohoa. Mimi nikaanza kunoa wembe ambao ulikuwa mkali tayari.

– Ni ulizo muzito? akasema Mama Bahati.

Ingénieur akatoa metre ya kukunja mfukoni mwa koti, akainyoosha juu ya kitanda kwa madaha. Akainama. Akatazama. Akasogeza kalamu nyuma ya sikio. Kisha akampa Bulldozer.

– Soma weye. Macho yangu leo iko na moshi.

Bulldozer akaipokea, akaitazama upande mmoja, akaigeuza, akanipa mimi.

– Kinyozi anaona muzuri.

Nikaishika. Namba ninazijua, lakini vile vistari vilikuwa vingi kuliko nywele za kichwa chochote nilichowahi kunyoa. Nikatafuta wa kumpa. Akabaki Mutale.

Mutale aliishika kwa mikono miwili. Akasimama.

– Mama, akasema, miye njo nilijenga ile mulango. Sijue kusoma hii. Kapita aliniuliza, nikasema ndiyo, na haikuwa ndiyo. Mulango iko mudogo. Sijue kama kitanda itapita.

Alisema yote kwa mkupuo mmoja, na alipomaliza alivuta pumzi kama mtu aliyetua gunia. Nami nilisikia vibaya na vizuri pamoja, kwa sababu ile ndiyo yake ilikuwa mali yetu.

Ingénieur akakaa polepole kwenye gogo.

– Miye pia, akasema.

– Weye pia nini?

– Sijue kusoma. Milango yote nafanya na vijiti. Niko na vijiti makumi mbili ku nyumba, kila kimoja na alama yake. Metre natembeza tu mu mufuko.

Bulldozer akamkodolea macho.

– Miaka yote hii? Ingénieur?

– Na weye? Usome basi, tusikie.

Bulldozer akafungua mdomo, akaufunga, kisha akaanza kucheka, kicheko kilichotingisha mbavu zake zote tukaziona. Ingénieur akafuata. Mama Alima akafuata, akamwaga kawa. Hata mwenye mkokoteni, ambaye hakujua tunacheka nini, akacheka. Mutale mwenyewe akacheka, machozi yakimtoka.

Mama Bahati hakutucheka. Alimshika Mutale mkono, akamwonyesha.

– Mutoto akizaliwa, miye napima urefu. Ni kintu moja. Angalia. Hapa ni kumi. Hapa makumi mbili. Tustari hii tudogo tunahesabu moja moja. Sasa soma kitanda.

Mutale akahesabu kwa kidole, midomo ikitembea.

– Makumi nane... na nane.

– Njo vile. Twende tuone mulango.

Tulikwenda wote. Mama Alima alimwachia jirani birika. Pale kwenye jengo Mutale akapima mlango wake, akahesabu mara mbili, akageuka.

– Makumi nane na saba.

Kitanda kilikosa nafasi ya kidole kimoja chembamba. Kwa kidole hicho mwanamke mmoja, siku moja, angekwama mlangoni huku damu inamtoka. Sikuwa nimelifikiria hilo nilipokuwa nikipanga mambo ya sabuni na wembe, na niliona haya, haya ya kweli.

– Naenda kwa Kapita, akasema Mutale.

– Tukupeleke? akauliza Bulldozer. Naweza kusema mu français.

– Hapana, baba. Mufuate, lakini munyamaze.

Sijui kama kijiwe chetu kiliwahi kupewa kazi ngumu kama ile.

Kapita Yuma tulimkuta uani kwake, amevaa tayari abakosi yake ya Jumapili, lile koti la enzi ile lisilovaliwa na tai, anatoka kuja kunyolewa kabla ya kwenda arusini. Alitutazama sote, na vitanda juu ya mkokoteni, na mkunga. Mutale akasimama mbele yake, mikono ubavuni.

– Kapita, mulango ya pili iko na makumi nane na saba. Uliniambia tisini na tano. Sikujua kusoma metre, nikaficha. Nilipima na kamba ya nyavu, ikalowa. Sementi iko ingali mubichi. Niko tayari kuvunja leo.

Ingénieur alinifinya mkono mpaka leo nakumbuka.

– Kamba ililowa? akauliza Kapita.

– Ililowa.

– Na weye ni muntu wa nyavu, wa Kasenga.

– Ndiyo, Kapita.

Na hapo, jamani, nikaona meno ya Kapita Yuma. Yalikuwa mengi. Alicheka mpaka mke wake akatoka ndani kuuliza nani amekufa.

– Bantu bananificha makosa mpaka nyumba inaniangukia, akasema akijipangusa macho. Weye unaniletea yako ku nyumba, siku ya Jumapili, na namba yake. Akavua koti la abakosi, akampa mke wake na kumwambia: Uambie bale ba arusi banichungie nyama. Akageukia upande wetu, akauliza: Na mweye wengine, munatafuta nini hapa?

– Tunasindikiza kitanda, akasema Bulldozer.

– Basi mutabeba matofali.

Tulirudi naye kwenye jengo, tukabeba. Upande mmoja wa mlango ulishuka tofali kwa tofali, na sementi ilikuwa laini, Mutale akaikwangua na kusafisha kila tofali kabla ya kulirudisha. Kila mstari Kapita alisimama nyuma yake na neno moja tu: soma. Na Mutale akasoma kwa sauti, tisini na tano, na nyuma yangu nilimsikia Ingénieur akisoma naye kwa mnong'ono, kidole chake kikihesabu hewani. Saa nane mchana, Mama Bahati alisukuma kitanda cha kwanza kwa mkono mmoja, kikapita hakikugusa upande wowote. Tukapiga makofi. Mutale alibaki amesimama katikati ya mlango wake, anautazama huku na huku, anacheka peke yake, mpaka Kapita akamshika bega na kumwambia atoke njiani, kitanda cha pili kipite.