Gari Imeitwa Kwao

Kijiwe chetu kinatazama foleni ya malori ya kwenda Nakonde, upande wa Zambia, kwa hiyo kila anayekalia benchi lile hujiona ofisa wa forodha. Na hapa mpakani neno "kurudishwa" halina heri: gari iliyorudishwa ni gari iliyokataliwa. Ndiyo maana asubuhi ile Amri, anayepeleka abiria Vwawa kwa gari yake, alikuja amenywea. Redio ilitangaza magari ya aina yake yarudishwe kwa wakala wa kiwanda, Mbeya, kwa sababu ule mfuko wa hewa wa mbele ya abiria ukifumuka unaweza kurusha vipande vya chuma. Watabadilisha bure. Amri alisikia "yarudishwe", yaliyobaki yakampita. Gari ile ndiyo inayolisha nyumba yake.

Nikamweleza kuwa ni bure. Hapo ndipo nilipoharibu, maana benchi zima liligeuka kunitazama.

Wa kwanza kunivaa alikuwa Watson, tunayemwita Klia kwa kazi yake ya kutoa mizigo mpakani.

— Bure? Mimi gari iliyorudishwa sijawahi kuiona ikitoka tena. Unaingia unaendesha, unatoka unatembea.

Sadoki, mbadilisha fedha, jina la kijiweni Kwacha, alitikisa kichwa na kumimina kahawa.

— Awe, hapana, mwache aipeleke. Mwacha asili ni mtumwa. Gari ikiitwa kwao, we unaizuia kama nani?

— Kwao Japani? Amri aliuliza.

— Sasa kwao Momba? Wale wameona tunavyozitumia, wivu umewashika. Usipopeleka wanabonyeza kitufe hukohuko, inakuzimikia mteremko wa Senjele.

Klia hakukubali kushindwa. Akasema shida siyo gari, shida ni hewa. Mle mfukoni mna hewa ya Japani, na haikuonyeshwa kwenye ushuru. Wanachotaka ni hewa yao.

— Basi niwatolee hewa, wabaki na mfuko, mimi nibaki na gari, Amri akasema.

Tukacheka, naye akacheka kidogo. Nilifurahi kumwona akicheka, ingawa moyoni nilikuwa nimekasirika: watu wazima watatu tunacheza na roho za watu. Nikamwambia tena aende. Kwacha akanijibu kuwa haraka haraka haina baraka, kisha akanyanyua birika kuomba la pili.

Wakati huo akaja mama mmoja na mtoto mchanga mgongoni, akatusalimia wote vizuri, akauliza kama gari iliyoegeshwa pale ni ya Vwawa. Amri akaitikia. Yule mama akamfungua mtoto, akampakata, akashika kitasa cha mlango wa kushoto.

— Samahani baba, hapa mbele pana mtu?

Swali hilo Amri huulizwa kila siku. Lakini Klia aliangalia malori, Kwacha akaangalia kikombe. Amri alimtazama yule mtoto, kisha kile kiti.

— Hapana mtu, mama. Na hatakaa mtu. Njoo huku nyuma.

Akamfungulia mlango mwenyewe.

— Nikiwashusha Vwawa napitiliza Mbeya, alituambia akiwasha gari. Hewa yao wachukue.