Tarehe Niliyoizika kwenye Chuma

"Umemwita nani?"

"Solomon. Anakuja na Pasta Mwaura na wazee wawili wa kamati. Wameshatoka Herndon."

"Boniface. Umemwita Solomon aje katika nyumba hii?"

"Nani mwingine atamrudisha Baba nyumbani? Kila mtu wetu aliyefia hapa Laurel, Amerika, Solomon ndiye aliyesimamia safari ya mwili. Una wazo lingine, Cherono, au una kelele tu?"

"Baba hajafa."

"Sijasema amekufa."

"Umeshamwitia kamati ya mazishi, na bado anakunywa chai."

Baba aligonga kikombe kwa kijiko mara mbili, nasi tukamgeukia. Aliomba mto mwingine mgongoni. Kisha akaniambia mimi, Cherono, nichukue kalamu, niandike vile vile atakavyosema, nisimpambie. Haya ndiyo aliyoyasema.

Sogeeni, wanangu, maana sauti yangu siku hizi haifiki hata dirishani. Boniface, hukukosea kumwita Solomon. Nilikuwa nikitafuta njia ya kumwita, na wewe umenipunguzia kazi. Cherono, acha kununa. Mtego hauwekwi mahali ambapo mnyama hapiti.

Mnajua nilifanya kazi na Solomon miaka kumi na mmoja katika gereji moja, tukila chakula cha mchana kwenye bakuli moja. Mnaijua ile Chevrolet ya mwaka sitini na tisa niliyoikuta ikioza nyuma ya banda la mjane mmoja, nikaitengeneza miaka sita, kila Jumapili baada ya ibada. Msilolijua ni kilichoipa thamani. Gari la namna ile si rangi wala viti. Ni injini iliyozaliwa nalo. Mbele ya bloku, ule mwili wa chuma wa injini, chini ya kichwa cha silinda cha kulia, kiwandani waligonga herufi na namba ndogo: V ni kiwanda chenyewe, 0307 ni mwezi wa tatu tarehe saba, siku injini ilipoungwa, herufi mbili za mwisho ni aina yake, na kando wakagonga namba za mwisho za chesisi ili injini na gari vijulikane kuwa ni ndugu. Ni kama sisi tunavyowapa watoto majina. Wewe ni Cherono kwa sababu ulizaliwa mbuzi wakirudi zizini, na hata ukiishi Amerika miaka mia, hakuna atakayesema ulizaliwa alfajiri.

Lakini namba za mbele mtu mwenye nyundo na moyo mbaya anaweza kuzisaga na kuzigonga upya. Ya nyuma haigongwi. Hiyo hutoka pamoja na chuma chenyewe siku kinapomiminwa, imeinuka kama kovu mgongoni mwa bloku. Yangu ilisema C 2 9. C ni herufi ya tatu, yaani Machi, tarehe mbili, mwaka wa sitini na tisa. Niliisoma siku moja tu, injini ikiwa sakafuni, nami nikiwa peke yangu. Kisha nikafanya kama babu yangu, aliyewatia ng'ombe wake alama ya pili ndani kabisa ya sikio, jirani asione. Nilikandamiza karatasi juu ya ile tarehe, nikaipitisha penseli mpaka ikajichora, halafu nikaiziba tarehe yenyewe kwa gundi ya chuma na kupaka rangi juu. Sikumwambia hata mama yenu. Karatasi imo ndani ya Biblia yangu, kwenye Zaburi ya mia na tisa, ile ya laana. Mkiisoma zaburi hiyo mtajua kwa nini niliihamishia pale.

Mwaka wa tisini na sita nilikwenda nyumbani kumzika mama yenu. Nilikaa wiki tano, na ufunguo wa gereji niliuacha kwa Solomon. Kikulacho ki nguoni mwako. Niliporudi gari liliwaka, namba za mbele zilikuwa zile zile, na macho ya mfiwa hayachunguzi. Akaja yule daktari wa Annandale kulinunua, nami nilikuwa nimeshakuambia, Cherono, kwamba gari lile ndilo chuo chako. Akaja na mkaguzi mwenye tochi na kioo kidogo. Akachungulia nyuma, akaniuliza, "Mzee, injini hii iliungwa mwezi wa tatu na chuma chake kilimiminwa mwezi wa tano. Ilibatizwa kabla ya kuzaliwa?" Wakacheka. Hapo nikajua injini yangu ilikuwa imeng'olewa, na nyingine yenye namba za mbele zilizogongwa upya imewekwa mahali pake. Mimi nikawa ndiye mghushi. Habari ikafika kanisani kabla sijafika mimi.

Nilimshtaki Solomon mbele ya Pasta Mwaura na wazee hao hao wawili. Akaweka mkono juu ya Biblia, akaapa kwamba hajawahi kufungua hata boliti moja ya injini ile. Akalia. Wakamwamini, kwa sababu mimi sikulia. Karatasi yangu ningewaonyesha ili iwe nini? Wangesema nimeichora jana. Tangu siku hiyo hakuna mteja aliyenikabidhi ufunguo wake, maradhi yakanikuta sina jina, wewe ukaacha shule ili unigeuze kitandani, naye Solomon kila Jumamosi anaendesha gari lake jekundu lenye injini yangu, moyo wangu, ndani yake.

Mtaambiwa nisamehe. Nimesamehe wengi, huyu simsamehe. Sitaki arudishe polepole, kwa siri, akijiita mtu mwema. Nataka ajivue nguo mwenyewe mbele ya wale waliomvika.

Sasa shika hili, Cherono, maana wewe ndiwe utakayefungua. Fungua nusu, acha mnyororo, wote wabaki ngazini pamoja. Usimwulize kwa hasira. Lia kidogo ukiweza. Mwambie Baba anaweweseka, anahangaika na tarehe ya nyuma ya bloku, ile injini ya kwanza ya Chevrolet, hatulii mpaka aikumbuke. Hakuna ajuaye tarehe ile ila mimi na mtu aliyeikwangua rangi yangu. Solomon hawezi kuulizwa namba akanyamaza. Huo ndio ugonjwa wake, nimemwona miaka kumi na mmoja akimjibu mteja kabla swali halijaisha. Na hakuna anayejihadhari na mtu anayekufa. Akijibu, mpe Pasta Biblia, afunue mwenyewe.

Akisema hajui, basi amenishinda. Mnizike hapa hapa Maryland, kwenye udongo wa wageni, kuliko kupelekwa kwa mama yenu na mkono ule.

Boniface, usimpige. Kipigo hupona. Sanduku la zana ni lako, na spana zangu usimwazime mtu. Gari ni la Cherono, na injini ikirudi atasoma. Ile ya uongo msiitupe. Iwekeni... iwekeni mlangoni kwa Solomon, aipite kila asubuhi.

Nipe maji. Hapana, basi. Babu yangu angewatemea maziwa kifuani awabariki. Mimi kinywa kimekauka. Inameni tu. Mzae. Mzeeke. Majina yenu yasigongwe upya na mtu. Cherono... umeandika Machi? Soma. Ndiyo. Hapo.

Kengele ililia. Boniface alinitazama, kisha akaichukua Biblia mezani na kunipa. Nilifungua nusu, mnyororo ukakaza. Solomon alikuwa mbele, kofia mkononi. Nyuma yake Pasta Mwaura, na ngazini wazee wawili, mmoja amebeba sufuria iliyofunikwa kwa taulo. Nikasema nilivyofundishwa. Machozi sikusumbuka kuyapata.

"Pole, mama, pole," alisema Solomon, akapaza sauti ili imfikie Baba kitandani. "Mwambie Mzee atulie. Ni Machi, tarehe mbili. Nani asiyejua hilo?"